Maelezo Kuhusu Mtoto Aliyesafirishwa Kama Mzigo

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa na afande wa zamu, chumba cha maelezo, kituo cha polisi

Jina: Mama Kadogo (jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 24
Kazi: Dereva wa abiria na chakula kwa programu ya simu, wiki ya kwanza
Makazi: Chumba cha pili kushoto, nyumba ya kupanga nyuma ya karakana ya mageti
Uhusiano na mtoto: Hakuna

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, nikiendesha gari mwenyewe, mtoto akiwa kiti cha nyuma. Sikukamatwa. Naomba hilo liandikwe mwanzo kabisa, kwa sababu hapo nje kuna watu wameshaanza kuniita mwizi wa watoto.

Kazi hii nimeianza Jumatatu ya wiki hii. Gari ni la kaka yangu, ambaye amevunjika mguu. Aliona gari likikaa litashika kutu na mimi nikikaa ndani nitashika ukichaa, akanirushia funguo. Leseni ninayo tangu kabla sijaolewa. Watu wanadhani kuanza kazi hii ni kuwasha gari tu. Picha ya uso peke yake nilipiga mara nne, programu ikaikataa mara tatu kwa sababu mwanangu wa miezi saba alikuwa mapajani na kichwa chake kinaingia kwenye picha. Gari likakaguliwa, hadi mikanda ya nyuma. Kisha tukakalishwa darasani asubuhi nzima, chumba cha viti vya plastiki na feni inayozunguka kwa kujisikia.

Mwalimu wetu alikuwa dereva wa siku nyingi, wanamwita Mzee Nyota kwa sababu wateja hawajawahi kumpa pungufu ya nyota tano. Alitufundisha kwamba chakula chenye mchuzi kinakaa chini miguuni, si kwenye kiti. Abiria akinyamaza, nawe nyamaza. Akisema hali ya hewa ni nzuri, sema ni nzuri hata kama maji yanaingia mlangoni. Na kuhusu mizigo alisema hivi: "Anayepokea atakutajia namba nne. Ziandike kwenye simu yako. Ikiwaka kijani, toa mzigo, sema asante, ondoka. Wewe si hakimu wala si shangazi wa mtu." Tulicheka. Nikaandika mkononi kwa kalamu: kijani, toa, ondoka.

Alitwambia pia kwamba safari ishirini za mwanzo zinatazamwa. Dereva mpya akikataa oda aliyokwisha kuikubali, au akilalamikiwa, akaunti inafungwa na kufunguliwa kwake ni mbinde.

Mtoto wangu ninamwacha kwa mama mkwe. Hataki chupa. Mama mkwe aliniambia, "Mkwe wangu, mimi nitamshika mpaka saa sita. Saa sita ikipita hujafika, nitakuletea huko huko barabarani, umnyonyeshe mbele ya abiria wako." Kwa hiyo ninapoendesha ninatazama barabara kwa jicho moja na saa kwa jicho jingine.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, siku ya Alhamisi, niliondoka nyumbani asubuhi mapema. Nilibeba abiria wawili, kisha nikapeleka chai na mayai kwenye ofisi ya bima ghorofa ya nne, lifti ikiwa mbovu. Nilikuwa bado nahema ngazini ilipoingia oda ya mzigo, mnamo saa tatu na nusu. Ilikuwa imeandikwa: "Begi la Chiriku, kwa mama mdogo." Nilidhani Chiriku ni jina la duka.

Nilifika mahali pa kuchukulia. Ni nyumba ya chini yenye kibaraza cha vigae vyekundu. Alitoka mwanamke wa rika langu, ameshika begi la mgongoni mkono huu na mkono huu ameshika mtoto wa kike wa miaka kama minne. Nikafungua buti. Akamvika mtoto lile begi mgongoni, akasema, "Si huko nyuma, dada. Mzigo ndio huyu."

Nikamwambia, "Huyu ni mtu."

"Najua ni mtu, nimemzaa mwenyewe."

"Kampuni hairuhusu mtoto asafiri peke yake."

"Ndiyo maana nimeandika mzigo."

Nilitaka kurudi kwenye gari. Akanishika kiwiko, akanisogeza pembeni mtoto asisikie. Alisema anaingia chumba cha upasuaji asubuhi ile ile, hajala wala hajanywa tangu jana, wodi ya kina mama hawapokei mtoto, na simu ataizima. Alisema, "Nimewaambia watu wawili tu duniani. Dada yangu, na wewe hapa." Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka kwenye kona. Mkono mmoja alikuwa amejishika ubavuni muda wote akiongea, kama mtu aliyeficha kitu ndani ya nguo.

Nimeulizwa na afande kwa nini nilikubali na sheria naijua. Najibu: ningekuwa nimelala usingizi mzima hata siku moja wiki hii, pengine ningekataa. Mwanaume angeniomba ningekataa. Lakini mimi mwenyewe wiki hii nimezunguka nyumba tatu natafuta wa kunishikia mwanangu kabla mama mkwe hajakubali, na najua mtu anavyosimama mlangoni pa watu na mtoto mkononi. Nikasema sawa.

Nilimuuliza nitamjuaje huyo dada yake. Alisema, "Utamjua. Ana pengo hapa mbele na kila kitu kwake ni kicheko. Namba nne ninazo, nimeshamtumia. Mpe yeye, mkono kwa mkono." Aliahidi kunitumia namba ya simu ya dada yake kwa ujumbe. Ujumbe haukufika. Nadhani walimwita kabla hajauandika. Baba wa mtoto hakutajwa hata mara moja. Sikuuliza. Kila nyumba ina watu isiowataja.

Nilimkalisha mtoto nyuma, nikamwekea mto nilioukunja ili mkanda usimpite shingoni. Mama yake hakumbusu. Alimwambia tu, "Usimsumbue anti," akaingia ndani haraka.

Njiani yule mtoto hakunyamaza. Nikaelewa kwa nini anaitwa Chiriku. Alisema, "Gari lako linanuka chipsi."

Nikamwambia, "Ni gari la chipsi na watu."

"Mimi ni chipsi au mtu?"

"Wewe leo ni mgeni rasmi."

Akafikiri, akauliza kama mgeni rasmi anaruhusiwa kukojoa. Tukasimama kituo cha mafuta. Hapo tulipoteza muda, na muda huo ndio uliomwezesha mtu mwingine kutangulia kufika.

Mahali pa kupeleka ni jengo kubwa la kupanga lenye mageti mawili. Mimi sikujua kuna mawili. Nilifuata alama ya kwenye ramani kama ilivyo, nayo ikanipeleka geti la nyuma, penye mapipa ya taka na mnyororo. Madereva wenzangu wa zamani wameniambia leo hii kwa simu kwamba alama ya jengo lile siku zote inaanguka nyuma, na kila anayejua hupitiliza hadi mbele. Mimi ni mgeni. Niliamini simu.

Kwenye geti lile nilimkuta mwanaume mrefu, amevaa ovaroli ya mafundi wa lifti, kofia ya pikipiki kwapani. Sijavuta hata breki akanitajia namba nne kupitia dirishani. Nikaziandika. Simu ikawaka kijani.

Mtoto akapiga kelele, "Baba!" Akaanza kuhangaika na mkanda.

Hili nalisema wazi ingawa najua linanikalia vibaya. Mtoto alifurahi. Hakuwa na woga hata chembe. Yule bwana naye uso wake ulifunguka wote. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufungulia milango.

Lakini hakuwa na pengo, na hakuwa dada wa mtu. Nikamwambia, "Kaka, nimeambiwa nimpe mama yake mdogo."

Akasema, "Dada, namba si nimekutajia?"

"Umenitajia."

"Zimekubali?"

"Zimekubali."

"Na mtoto si umemsikia ananiita nani?"

"Nimemsikia."

"Sasa unasubiri nini, mvua?"

Nikamuuliza, "Mama yake yuko wapi saa hizi?"

Akanitazama kama nimemuuliza jina la babu yangu. "Si yuko nyumbani? Wewe si ndipo ulipomtoa?"

Hapo ndipo mkono wangu uliondoka kwenye kitufe. Anayestahili kumpokea mtoto yule alikuwa anajua mama yake yuko wapi. Huyu hakujua. Sikumwambia, maana siri haikuwa yangu.

Nilimpigia mama wa mtoto, simu haipatikani. Nikapiga kwa kampuni, nikasikilizishwa muziki, kisha akapokea kijana mwenye sauti ya adabu. Akauliza, "Namba zimelingana?" Nikasema zimelingana. "Basi kabidhi mzigo, dada, safari yako imeisha." Nikamwambia mzigo wenyewe ni mtoto. Akauliza taratibu, "Dada, umesema umebeba nini?" Nikakata simu. Nilijua nimeshajifukuzisha kazi, lakini mtoto alikuwa bado mikononi mwangu na hilo ndilo lililokuwa mbele yangu.

Baba wa mtoto alianza kuvuta kitasa cha nje. Mtoto anavuta cha ndani. Nikaiacha milango yote imefungwa. Akapiga kioo kwa kiganja, si kwa ngumi, akisema, "Unamfungia mwanangu! Unamfungia mwanangu mbele ya macho yangu!" Aliushika mkono wa kioo cha pembeni, na nilipoondoa gari kikang'oka, kikabaki mkononi mwake. Sikumgonga. Niliondoka taratibu kuliko hata siku ya mtihani wa leseni. Nikamuuliza muuza magazeti kituo cha polisi kiko wapi, akaninyooshea kidole, nikaja moja kwa moja. Sikusimama popote.

Njia nzima mtoto alilia. Aliniita mbaya, akaniita mwizi, akanipiga mateke mgongoni kupitia kiti. Sikumkaripia. Nilimwambia tu, "Lia, mama, lakini mkanda usiuvue." Maziwa yakaanza kunitoka hadi blauzi ikalowa. Mwili wangu haukujua kwamba anayelia ni mtoto wa mwingine. Sweta niliyovaa sasa nimeazimwa na askari wa kike wa hapa mapokezi.

Baba wa mtoto alinifuata kwa pikipiki na tulifika karibu pamoja. Alisema mbele ya askari kwamba nimemwibia mtoto. Afande alimuuliza amejuaje mtoto anapelekwa wapi. Akatoa simu yake. Akaunti ile ya kuagizia magari waliifungua wakiwa bado wanaishi pamoja, kwa namba yake, na mama wa mtoto ameendelea kuitumia bila kujua kwamba kila oda inamfikia na yeye, namba nne zikiwemo. Alisema maneno haya na mimi niliyasikia: "Wiki ya tano sijamwona mwanangu. Leo niko kazini, nimening'inia ndani ya shimo la lifti, simu inalia, naona mzigo una jina lake unatembea kwenye ramani. Kagari kanatembea. Afande, ungekuwa wewe ungeendelea kufunga nati?"

Afande aliitazama ile ramani, akamrudishia simu.

Mtoto aliposhushwa garini alimkimbilia, akamkumbatia mguu. Afande akasema hakuna atakayeondoka na mtoto, si baba, si dereva, mpaka mama apatikane. Nilieleza habari za dada mwenye pengo, na askari mmoja akatumwa kwenye jengo. Alimkuta geti la mbele, amekaa juu ya kifuniko cha mita ya maji tangu saa nne, anatazama kila gari. Alipoingia hapa alikuwa anacheka, lakini machozi yanamtoka, na pengo nililiona. Alitaja zile namba nne kabla hajaulizwa. Afande akamuuliza mama wa mtoto yuko wapi. Akasema, "Yuko kwenye upasuaji. Aliingia saa nne."

Baba wa mtoto alikaa kwenye benchi. Alikuwa bado ameshika kile kioo cha gari. Akauliza, "Upasuaji wa nini?" Shemeji yake akatazama chini. Akauliza tena, polepole, akimtazama kila mmoja wetu, mpaka mimi. Niligeuka dirishani.

Mama mkwe wangu alifika baada ya saa sita kama alivyoahidi, akiwa na mwanangu mgongoni, maana nilikuwa nimempigia nikamwambia niko wapi. Aliingia akisema, "Siku ya nne tu kazini na tayari polisi! Wenzako huanza kwa kupasua tairi." Kisha akaona sweta, akanipa mtoto bila neno jingine. Maelezo yangu kuanzia pale kwenye geti nimeyatoa nikiwa nanyonyesha.

Mnamo saa nane kasorobo mama wa mtoto alipiga simu ya dada yake. Afande aliiweka simu mezani kwa sauti ya juu. Sauti yake ilikuwa nzito kama mtu mwenye pamba mdomoni. Aliuliza, "Chiriku yuko na nani?"

Afande akasema, "Mama, mtoto yuko salama, yuko hapa kituoni."

"Sikuuliza yuko wapi. Nimeuliza yuko na nani."

Afande alimweleza yote kwa kifupi. Akaomba kusema na dereva. Nikasogea mezani.

"Dada, alilia?"

Nikasema, "Alilia."

"Alimlilia nani?"

Chumba kizima kilinitazama. Nilijua ni mgonjwa, ametoka kushonwa sasa hivi, na ningeweza kusema alikuwa anakulilia wewe. Nikasema, "Baba yake."

Tulisikia magurudumu ya kitanda yakipita huko aliko. Kisha akasema, si kwangu tena, "Mara ya mwisho ulisema unampeleka kunywa soda. Nilimtafuta siku tatu. Leo nisingeweza kumtafuta. Leo nilikuwa nimelala."

Baba wa mtoto alisema kutoka kwenye benchi, "Ningemrudisha."

"Ulisema hivyo hivyo."

Mama wa mtoto akavuta pumzi, ikakatika katikati kwa maumivu, akasema, "Afande, mtoto aende na mama yake mdogo. Na baba yake aje jioni, saa ya kuona wagonjwa. Aje aniulize mimi naumwa nini. Asiiulize simu."

Simu ilipokatika hakuna aliyemwambia baba wa mtoto afanye nini. Alisimama mwenyewe, akamnyanyua mtoto, akampandisha begi lililokuwa limeteleza, akampa shemeji yake mkono kwa mkono. Mtoto alilia tena, mara hii kwa sauti ndogo. Wakatoka.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Ninalo. Sikusema popote kwamba yule bwana ni mtu mbaya, na isichukuliwe hivyo. Kama angekuwa mbaya, leo ningekuwa nimechoka kwa mwendo tu. Nilimnyima mtoto baba yake huku anamlilia, na niliona, na nilikuwa sahihi, na bado sijisikii vizuri. Kampuni imenipigia mara mbili nikiwa hapa. Sijapokea. Najua watakachosema. Nitapokea nikishatoka.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyafanya kwa mikono yangu. Nisiyoyajua sikuyasema.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika mtoto)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti naye amekubali ni yake. Ameomba sahihisho moja. Kila mahali nilipokuwa nimeandika "mtuhumiwa" alitaka pasomeke "baba wa mtoto". Nimemweleza kuwa ni lugha ya kazi tu. Akasema hatatia sahihi. Nimeandika upya kurasa hizo. Shahidi ameruhusiwa kwenda saa tisa alasiri. Baba wa mtoto ameondoa lalamiko lake, lakini hajaondoka. Amekaa benchi la nje, amenawa grisi mikononi mara mbili kwenye bomba letu, na ameniuliza saa ya kuona wagonjwa huanza saa ngapi.